Soli Kwanza

Mwanamume anayechagua raba katika soko la Mpanda, mkoani Katavi, kwa kawaida huikagua kutoka juu kwenda chini. Macho huanza na rangi, hushuka kwenye nembo iliyo ubavuni, mkono huvuta kamba kuona kama zina nguvu, kisha kiatu hupimwa mguuni kwa hatua mbili tatu juu ya turubai la muuzaji. Soli hugeuzwa mwisho, na mara nyingi swali pekee linaloulizwa juu yake ni kama imetoboka. Hoja ya sura hii ni kwamba ukaguzi uanzie hapo unapoishia sasa. Kazi ya raba ni kuukutanisha mguu na ardhi, na katika makutano hayo ardhi ndiyo isiyokubali kubadilika. Mguu unaweza kuzoea, mwenye mguu anaweza kupunguza mwendo, lakini tope la Mpimbwe halitakuwa lami kwa sababu kiatu kimetoka Ulaya. Kwa hiyo kabla ya kuuliza raba ni ya kampuni gani, mnunuzi aulize itakanyaga nini, msimu gani, na mguu utakuwa unaelekea wapi wakati unakanyaga.

Katavi inalifanya swali hilo kuwa zito kuliko mikoa mingi. Mkoa huu, uliomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012, ulikutwa na watu 564,604 katika sensa ya mwaka huo. Sensa ya 2022 ikahesabu watu 1,152,958. Wanaume wake wengi wanaishi kwa kazi za miguu: mpunga, tumbaku, mifugo, dhahabu, mizinga ya nyuki, bodaboda. Na ardhi wanayoikanyaga haifanani. Katikati ya mji wa Mpanda kuna lami. Ukiacha lami unaingia kwenye changarawe nyekundu, ambayo wakati wa kiangazi ni sakafu ngumu iliyotandazwa vijiwe vinavyobingirika chini ya mguu. Ukienda kwenye tambarare za mto Katuma unakuta udongo mweusi wa mbuga, unaopasuka nyufa mwezi wa Agosti na kugeuka gundi mwezi wa Januari. Kati ya Novemba na Aprili mvua inanyesha, na njia ileile iliyokuwa vumbi inahitaji kiatu cha namna nyingine kabisa. Mtu akiniambia kwamba raba fulani ni nzuri, bila kusema inatumika wapi na mwezi gani, hajaniambia kitu ninachoweza kukifanyia kazi.

Tuiangalie soli kwa karibu, kwa sababu ndiyo yenye maelezo mengi yasiyosomwa. Sehemu ya chini kabisa ni mpira, wenye meno au mifereji. Meno mafupi yaliyobanana yanagusa eneo kubwa la ardhi, na juu ya lami kavu hilo ndilo linaloshika vizuri. Peleka soli hiyohiyo kwenye udongo wa mbuga uliolowa: tope linajaa katikati ya meno, halipati pa kutokea, linaganda, tabaka la pili linashika juu ya la kwanza, na baada ya mwendo mfupi mtu anatembea juu ya mabonge mawili mazito na laini yasiyo na jino hata moja linalogusa chini. Meno marefu yaliyoachana yanafanya kinyume chake. Yanazama, na kiatu kikikunjwa kwenye hatua inayofuata nafasi iliyo kati yake hupanuka na tope hudondoka. Lakini meno hayo juu ya lami huliwa upesi, na juu ya changarawe kavu yaliyo marefu mno huufanya mguu uyumbe. Dereva wa bodaboda anayebeba abiria vijijini masika hufunga tairi la vibumba, na hakuna anayemwambia kwamba anajisumbua. Macho hayohayo yanayosoma tairi yanaweza kusoma soli. Ukubwa wa jino, nafasi kati ya meno, ugumu wa mpira ukiubonyeza kwa kucha: mambo hayo matatu yanaeleza kiatu kilitengenezwa kwa ajili ya wapi, hata kama nembo imefutika.

Juu ya mpira huo kuna tabaka la sponji, na hapa ndipo biashara kubwa ya raba duniani inapofanyika. Bei za raba za kukimbilia zinapanda kwa sababu ya sponji: ulaini wake, wepesi wake, jinsi inavyorudisha nguvu. Wepesi una maana ya kweli. Vipimo vya maabara vinaonyesha kwamba kila gramu 100 zinazoongezwa kwenye kiatu humfanya mkimbiaji atumie nguvu zaidi kwa takriban asilimia 1. Kwa anayekimbia kilomita nyingi hilo si jambo dogo. Ila ulaini na yale yote yanayosemwa kuhusu kuurekebisha mguu yana ushahidi dhaifu kuliko maduka yanavyodai. Kati ya mwaka 2009 na 2010 zilichapishwa tafiti tatu zilizofanywa kwa makuruta wa majeshi ya Marekani. Kundi moja lilipewa raba kulingana na umbo la unyayo wa kila mtu, bapa au wenye upinde mkubwa, kama wauzaji wanavyoshauri. Kundi la pili wote walipewa raba ya aina moja. Viwango vya kuumia karibu havikutofautiana. Kwa upande mwingine, utafiti wa mwaka 2001 ulikuta kwamba askari waliochagua wenyewe soli ya ndani waliyoiona ya starehe waliumia kidogo kuliko wenzao ambao hawakupewa chochote. Mwaka 2015 Benno Nigg wa Chuo Kikuu cha Calgary na wenzake walipendekeza kwamba starehe inayosikika mguuni wakati wa kujaribu kiatu ndiyo kipimo kinachostahili kuaminiwa kuliko nadharia zilizokuwa zimetawala kwa miaka mingi. Nasi tunaweza kukitumia kipimo hicho papo hapo sokoni bila mashine yoyote.

Mpinzani makini hatakubali upesi hivyo. Atataja kwamba mwaka 2020 watafiti wa Luxembourg waliwafuatilia kwa miezi sita wakimbiaji zaidi ya 800, wote wakiwa wamepewa viatu vinavyofanana kwa sura huku vingine vikiwa na sponji laini na vingine ngumu, wakakuta waliovaa vigumu waliumia zaidi. Ni ushahidi mzuri, na nisingependa kuupuuza. Mtu anayekimbia mara kwa mara, mwenye uwezo wa kununua raba mpya ya kukimbilia, ana sababu ya kuitafuta laini. Lakini wakimbiaji wale walipewa viatu vipya. Sponji hubonyea kila mguu unapotua, na kadiri kilomita zinavyoongezeka vitundu vyake vya hewa hubomoka na kutorudi; makadirio yanayotumiwa sana ni kwamba raba ya kukimbilia hupoteza sehemu kubwa ya ulaini wake baada ya kilomita 500 hadi 800. Raba ya mtumba iliyopakiwa kwenye belo ikafika Mpanda huenda ilikwisha kukimbia kilomita hizo katika mji mwingine. Jina lingali pale, bei bado inalitaja jina, na kitu ambacho bei hiyo ilikuwa inakilipia zamani hakimo tena ndani ya kiatu.

Kuna pingamizi la zamani zaidi. Babu zetu walikwenda peku au kwa katambuga, wakavuka misitu hii yote, na Abebe Bikila wa Ethiopia alishinda mbio za marathoni za Olimpiki ya Roma mwaka 1960 bila kiatu. Kuna sayansi pia upande huo. Mwaka 2010 Daniel Lieberman wa Harvard na wenzake walionyesha kwamba wakimbiaji wa Kenya waliokua peku hutua zaidi kwa sehemu ya mbele ya mguu, na kwamba kutua hivyo kunapunguza kishindo kinachoupiga mguu kisigino kinapogonga chini. Mguu wa binadamu, basi, si dhaifu kama matangazo yanavyotaka tuamini. Nalikubali hilo lote, na kwa kweli linaitia nguvu hoja yangu. Mguu wenye afya unaweza kujitunzia mifupa yake. Kisichoweza kujitunza ni ngozi: dhidi ya miiba, misumari na vipande vya chupa, dhidi ya mabuu ya minyoo ya safura ambayo huingia mwilini kwa kupenya ngozi ya unyayo kwenye udongo wenye unyevu, dhidi ya funza. Bikila mwenyewe aliporudi kwenye Olimpiki ya Tokyo mwaka 1964 alivaa viatu, akashinda tena na kuweka rekodi ya dunia. Katika mazingira ya Katavi kiatu kina kazi mbili za kwanza, kukinga ngozi na kushika ardhi. Ulaini unakuja baadaye. Soko limeupangia bei kwa mpangilio wa kinyume, na hiyo ndiyo nafasi ya mnunuzi mwenye pesa chache: vitu anavyovihitaji zaidi havina bei kubwa.

Tukianza na mbio, raba inayofaa kwa mtu anayekimbia asubuhi kwenye lami na kandokando ya barabara za Mpanda ni ile nyepesi, inayokunjika mbele penye vidole na kukataa kukunjika katikati, yenye mpira wa kutosha kisiginoni na meno mafupi yenye kingo kali za kushika changarawe. Sponji nene sana inayonyanyua kisigino ni hasara kwenye njia yenye vijiwe, kwa kuwa kadiri mguu unavyokuwa juu ndivyo kifundo kinavyopinda kirahisi jiwe linapobingirika. Kitambaa chenye matundu makubwa kinapitisha hewa, na kinapitisha pia vumbi jekundu, ambalo likichanganyika na jasho linakwaruza ngozi kama msasa. Kwenye kiangazi cha Katavi kitambaa kilichofumwa kwa kubana kinafaa zaidi hata kama mguu utapata joto. Raba nyingi za kukimbilia zina tundu la ziada la kamba, juu kabisa karibu na kifundo, ambalo wengi huliacha. Kamba ikipitishwa humo na kukazwa, kisigino hakipandi na kushuka ndani ya kiatu, na malengelenge mengi hayatokei.

Mpira wa miguu unadai kitu kingine kabisa, na hapa makosa yanagharimu magoti. Raba ya kukimbilia imeundwa kwa mwendo wa kwenda mbele. Mchezaji wa mpira anakata kushoto, anageuka, anasimama ghafla. Akiwa juu ya sponji ndefu laini, mguu unabaki nje ya ukingo wa soli na kifundo kinateguka. Wengi wanalijua hilo, ndiyo maana wanakimbilia njumu. Lakini njumu yenye meno marefu machache imetengenezwa kwa nyasi laini zilizolowa, ambapo jino linazama lote. Viwanja vingi ambavyo vijana wa Katavi huchezea, vya shule na vya mitaa, ni udongo mgumu uliokanyagwa ukawa kama sakafu. Jino lisipozama, uzito wote wa mwili unasimama juu ya ncha chache, unyayo unauma chini ya vidole, na mchezaji anateleza au, vibaya zaidi, jino moja linanasa kwenye ufa huku mwili ukiendelea kugeuka. Kinachofaa kwenye uwanja wa namna hiyo ni kiatu cha mpira chenye meno mengi mafupi ya mpira yaliyotawanywa soli nzima, kilichokaa chini karibu na ardhi. Sokoni aina hii mara nyingi huuzwa kwa bei ndogo kuliko njumu, kwa sababu haifanani na ile wanayoivaa wachezaji kwenye televisheni. Kwa kijana anayechezea vumbi, ndiyo kiatu cha kitaalamu.

Kwa kutembea mjini, kusimama dukani, darasani au zahanati, nitakuwa mfupi. Soli bapa ya mpira iliyoshikamana na turubai au ngozi, isiyo na madoido, inatosha kabisa, na kwa kuwa haina sponji nene hakuna cha kubomoka ndani yake. Anayesimama saa nyingi aongeze soli nzuri ya ndani. Anayenyanyua vyuma naye avae hiyohiyo bapa, kwa sababu sponji laini chini ya uzito mkubwa inayumba.

Ninachotaka kukisisitiza zaidi ni kazi ambazo hakuna raba inayozifaa. Orodha za kuchagua raba zinazoandikwa kwingine huwa hazina sehemu hii, kwa kuwa waandishi wake wanawaandikia watu wanaobadilisha viatu baada ya kutoka kazini. Katavi raba ndiyo kiatu cha kazini. Mchimbaji mdogo anashuka kwenye duara, yaani shimo la machimbo, akiwa na raba iliyokwisha kazi za mjini, na juu ya vidole vyake kuna kitambaa tu. Jiwe linalodondoka kutoka kwenye ndoo halitofautishi kitambaa cha kampuni kubwa na cha kampuni ndogo. Hapo linatakiwa buti lenye kofia ya chuma mbele na soli isiyotoboka kwa msumari. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri awapatie wafanyakazi vifaa vya kujikinga, na mwenye duara anayeajiri vijana asiseme kwamba kiatu ni shauri la kila mtu. Kwenye mpunga, raba inalowa, inaoza gundi, inang'olewa na tope na kubaki ndani yake. Kinachofaa ni gambuti, na faida yake ya pili ni kuzuia maji yaliyotuama yasiguse ngozi, maana kichocho huingia mwilini kwa njia ya ngozi iliyozama majini. Mrina asali anayekwenda porini kuelekea Inyonga, na askari wa doria katika Hifadhi ya Taifa ya Katavi, yenye kilomita za mraba 4,471, wanapita kwenye majani marefu ambamo nyoka hulala, na nyoka wengi huuma mguu na sehemu ya chini ya ugoko. Raba inaishia chini ya kifundo, yaani inaacha wazi palepale panapoumwa. Dereva wa bodaboda ana hatari yake: kitambaa cha plastiki cha raba za kisasa kinayeyuka kikigusa bomba la moshi lenye moto, na kikiyeyuka kinaganda kwenye ngozi. Kiatu cha ngozi kinachofunika kifundo, hata kiwe kizee, kinamlinda kuliko raba mpya yoyote.

Mtu atasema: wote hao unaowataja wanavaa raba kwa sababu ndiyo wanayoweza kuinunua. Ni kweli kwamba buti la kazi jipya lina bei. Lakini raba ya jina sokoni nayo ina bei, na mara nyingi gambuti la kawaida ni rahisi kuliko raba yenye nembo maarufu. Ninachokiona katika uchaguzi huu si umaskini peke yake. Ni desturi ya kumfikiria mwanamume kuwa na kiatu kimoja kizuri ambacho kitatumika kila mahali mpaka kife, na kizuri kikaeleweka kuwa ni kile kinachoheshimika machoni pa watu. Sidharau heshima hiyo. Mtu kupenda kuonekana nadhifu Jumapili kanisani, Ijumaa msikitini au stendi anapopokea wageni ni haki yake, na raba safi nyeupe imefanya kazi hiyo vizuri. Ila pesa ya jozi moja ya jina ikigawanywa inaweza kununua jozi bapa nadhifu ya mjini pamoja na gambuti au buti kuukuu la ngozi, na jozi hiyo ya mjini itadumu kwa sababu haikuingizwa shambani. Hesabu hiyo huonekana vizuri zaidi mwishoni mwa masika, raba moja iliyobebeshwa kazi zote inapoachana soli na mwenye nayo anaanza kutafuta pesa upya.

Viatu vingi vitakavyochaguliwa ni vya mtumba, na itaendelea hivyo kwa muda. Majaribio ya kuachana na mtumba yamekuwa magumu. Kiwanda cha viatu cha Morogoro, kilichojengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, kilikusudiwa kutoa jozi milioni 4 kwa mwaka, nyingi za kuuza Ulaya. Hakikuwahi kufikia hata sehemu ya kumi ya lengo hilo. Mwaka 2016 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilikubaliana kuachana na nguo na viatu vya mitumba ifikapo 2019, Marekani ikatishia kuondoa nafuu za ushuru, na Rwanda peke yake ndiyo iliyoshikilia msimamo hadi ikasimamishiwa nafuu ya kuuza nguo huko mwaka 2018. Kwa hiyo mnunuzi wa Mpanda atabaki mbele ya turubai la mitumba, na anahitaji kujua adui wa mtumba ni yupi. Wengi hudhani ni uchakavu, wakatafuta soli ambayo haijaliwa. Adui mkubwa ni umri. Soli za baadhi ya raba zina aina ya sponji iitwayo poliyurethani, na poliyurethani huvunjwavunjwa polepole na unyevu wa hewa, haraka zaidi kwenye joto, hata kiatu kikiwa kabatini bila kuvaliwa. Raba iliyokaa miaka mingi kwenye kabati la Ulaya, ikasafiri ndani ya kontena la chuma kuvuka bahari, ikashindiliwa kwenye belo, inaweza kufika ikiwa na meno yote, inang'aa, kisha ikamwagika kama makombo ya mkate katika wiki ya kwanza ya kuvaliwa. Muuzaji hakumdanganya mteja. Naye aliona meno mazima.

Namna ya kuigundua ipo, na inachukua muda mfupi. Shika raba kwa mikono miwili, ubonyeze sponji ya ubavuni kwa kidole gumba kwa nguvu, uachie. Ikirudi upesi na kuacha mkunjo mdogo unaofutika, iko hai. Ikibaki imebonyea, imechoka. Ikitoa mlio wa kukatika au ngozi ya juu yake ikapasuka nyufa nyembamba kama za tope lililokauka, irudishe chini. Kisha ukunje kiatu kwenye vidole na utazame mstari ambapo soli imeungana na sehemu ya juu: gundi iliyozeeka hufunguka hapo kwanza, ikiwa na rangi ya njano na unga. Ingiza mkono ndani ukipapase kisigino, uone kama kitambaa kimetoboka na plastiki ngumu iko wazi, kwa sababu hiyo itakula ngozi yako. Weka jozi juu ya kitu bapa na uitazame kwa nyuma. Kisigino kilicholala upande mmoja kimeumbwa na mwendo wa mtu mwingine, na hakitanyooka. Kumkabidhi fundi viatu mwenye msharasi ashone soli mzunguko mzima ni busara kwa kiatu chenye ukingo wa mpira mgumu. Kwa raba ya sponji tupu uzi hukata sponji, na kila tundu la sindano ni mlango wa maji.

Namba nayo ina mtego wake. Namba 42 ya kampuni moja si 42 ya nyingine, na viatu vya Uingereza, Marekani na bara la Ulaya vinahesabiwa kwa mifumo mitatu tofauti. Kitu kinacholingana zaidi ni sentimita, ambazo raba nyingi za michezo huziandika kwenye kitambaa kidogo kilichoshonwa chini ya ulimi, penye herufi CM au JP. Mtu akisimama juu ya karatasi jioni, wakati mguu umevimba kidogo kwa kazi za mchana, akachora alama kisiginoni na kwenye kidole kirefu, ana kipimo cha kuchukua sokoni, na mbele ya kidole hicho aache nafasi ya upana wa kidole gumba. Urefu hautoshi. Tafiti zilizofanywa India kwa watu waliozoea kwenda peku zinaonyesha miguu yao ni mipana zaidi mbele kuliko ya waliozoea viatu, na wanaume wengi waliokulia vijijini Katavi wana mguu wa namna hiyo. Raba nyingi za Ulaya zimechongwa nyembamba kuelekea vidoleni. Kuchukua namba kubwa zaidi ili upana utoshe ni suluhisho baya, kwa kuwa kisigino kitacheza na kiatu kitakunjika mahali pasipokunjika mguu. Ni bora kutafuta muundo mpana, na kipimo chake ni kutoa soli ya ndani, kuisimamia sakafuni na kuona kama nyama ya mguu inamwagika nje ya kingo zake.

Raba ikishapatikana, kazi zake zina mpangilio wa kushuka. Iliyochoka kukimbilia, sponji yake ikiwa hairudishi tena nguvu, bado inaweza kutembelewa mjini mwaka mzima. Iliyochoka mjini inaweza kuvaliwa kwenye bustani kavu ya nyumbani. Isipandishwe kurudi juu: raba ya bustani haikimbilii, hata ikifuliwa ikang'aa. Ikilowa ijazwe karatasi na ikae kivulini penye upepo, mbali na moto na bati lenye jua, kwa sababu gundi nyingi za raba hulegea kwa joto na kuachia pale pale soli ilipoungana na sehemu ya juu. Na inayosubiri msimu wake isifungwe ndani ya mfuko wa plastiki. Unyevu uliobaki kwenye kitambaa ukifungiwa humo pamoja na joto la Oktoba, unaendelea kuila sponji wakati mwenyewe anadhani anaitunza.